Kipimo cha Kipandauso Ni Maelezo Yako

Hotuba kwa mkutano wa wazazi na walimu wa shule ya sekondari, mkoani Tanga

Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wote mliokula chumvi kunishinda, shikamooni.

Mkuu wa Shule amenipa dakika ishirini kati ya hesabu za michango ya chakula na matokeo ya moko. Nitazitumia zote kwa jambo moja, nalo ni kichwa. Najua kuna anayejiuliza moyoni, kichwa nacho ni ugonjwa wa kuitiwa mkutano? Nivumilieni kidogo.

Nianze na daftari. Mwishoni mwa mwaka jana alinijia mama mmoja, mzazi wa hapa hapa, na binti yake wa kidato cha tatu. Wote wawili wameniruhusu niwasimulie, majina tu ndiyo tumeyaacha. Mama aliweka mezani daftari la hospitali. Mnayajua madaftari yetu: limevikwa gazeti, ncha zimejikunja, katikati yamebanwa makaratasi ya maabara yaliyopauka mpaka namba hazisomeki. Nikalifungua, nikahesabu. Miaka miwili, mahudhurio tisa. La kwanza: kichwa, kutapika, malaria, dawa mseto. La pili: kichwa, malaria haikuonekana, UTI, vidonge vya siku saba. La tatu: taifodi. La nne: taifodi tena. La tano akaandikiwa kupimwa macho, akanunuliwa miwani kwa fedha za machungwa ya msimu mzima. La saba mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa zamu ya usiku, foleni imefika nje, nikaandika maneno mawili tu: kichwa, parasetamo.

Kurasa zote zile, hakuna aliyeandika kichwa hicho kinauma upande gani, kinakaa saa ngapi, na kikianza binti anafanya nini. Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza.

Siku hiyo niliuliza. Binti akanyamaza kwanza, akamtazama mama yake, kisha akasema hivi: "Dokta, kinaanza na macho. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi naona nusu ya neno, nusu nyingine haipo. Halafu pembeni kunameremeta kama vipande vya kioo juani. Kama dakika ishirini hivi. Vikiisha ndipo kichwa kinakuja, huku kulia nyuma ya jicho, kinagonga kama mtu anatwanga. Nikipanda ngazi kinazidi. Nikisikia harufu ya maharage kutoka jikoni natapika. Nataka giza tu. Nataka watu wanyamaze."

Mama yake akaanza kulia. Aliniambia miaka yote ile alikuwa anasikia "kichwa kinauma" na basi. Hakujua kuna vioo.

Sisemi malaria zote za daftari lile zilikuwa uongo. Huku kwetu malaria ipo, na mtoto mwenye homa lazima apimwe. Lakini alichonisimulia binti yule kina jina, na jina hilo wazee wetu walikuwa nalo kabla ya zahanati: kipandauso. Hospitalini mtasikia tukiita migreni. Neno hilo linatoka kwa Wayunani wa kale waliosema hemikrania, nusu ya kichwa, na Waarabu nao wana shaqiqa, neno la asili ya kupasuka pande mbili. Kwa hiyo anayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu, au wa watu wa ofisini wenye kompyuta, nimwombe aliache neno hilo leo. Watafiti walishapita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya huko Haydom, wilaya ya Mbulu, kwa wakulima na wafugaji, wakakikuta, na waliolemewa zaidi ni wanawake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.1 duniani walikuwa na matatizo ya kichwa ya namna moja au nyingine, yaani asilimia 40 ya watu wote.

Sasa tukitenganishe na kichwa cha kawaida, kile ambacho karibu kila aliyekaa hapa amekipata. Hicho kinabana pande zote mbili, kama umefungwa kamba au umevaa kofia isiyokutosha. Kinaudhi, lakini unaendelea na kazi: unachota maji, unauza duka, unasahihisha mitihani. Hutapiki. Ukitembea hakizidi. Kinaletwa mara nyingi na uchovu, mawazo, njaa, shingo iliyokaza. Kinaweza kukaa nusu saa, kinaweza kuvuta siku kadhaa, na bado ukaenda harusini nacho.

Kipandauso kinamlaza mtu. Kwa mtu mzima asiyepata dawa kinakaa saa 4 hadi saa 72, yaani siku tatu. Mara nyingi ni upande mmoja, ingawa kinaweza kuhama au kushika kote. Kinapwita. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu unahisi kama kichwa kitapasuka. Kuna kichefuchefu au kutapika, mwanga unachoma, kelele zinachoma, na wengine hata harufu ya marashi hawaiwezi. Vile vioo vya binti yule si wote wanaoviona. Wenye dalili za kutangulia ni wachache kuliko wasio nazo. Wengine badala ya vioo hufa ganzi mkono, ganzi ikapanda polepole mpaka mdomoni, au maneno yakawapotea kwa muda.

Kwa watoto hali ni tofauti kidogo, na hapa naomba walimu mnisikilize vizuri. Mtoto anaweza kuumwa paji lote badala ya upande mmoja, na kikaisha ndani ya saa mbili. Saa nne asubuhi ametapika, amelala juu ya dawati. Saa saba mnamwona uwanjani anacheza rede. Tunasema alikuwa anadanganya, alikuwa anakwepa Hesabu. Hakudanganya. Shambulio limepita. Na mtoto akichapwa mara moja kwa kosa hilo, mara ya pili hasemi. Anakaa nacho kimya mpaka atapike.

Mtaona sijawaambia mpime kipandauso kwa ukubwa wa maumivu. Ukimwuliza mtu kichwa kinauma kiasi gani, kila mmoja atasema sana. Uliza kinamzuia kufanya nini. Kuna maswali matatu mafupi ambayo watafiti waliyapima na kuyachapisha mwaka 2003, na yanaulizika hata barazani. Katika miezi mitatu iliyopita, kichwa kilipouma, ulisikia kichefuchefu? Mwanga ulikusumbua kuliko siku zako za kawaida? Kuna siku hata moja kilikuzuia kazi, shule au shughuli zako? Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, kuna uwezekano mkubwa ni kipandauso, na ni haki yako kwenda kituoni na kusema hivyo.

Kusema, nasisitiza. Kwa sababu watu wananijia wakiomba vipimo. Dokta, niandikie nikapigwe picha ya CT, ile ya kuonyesha ndani ya kichwa, niko tayari kuuza mbuzi. Ndugu zangu, picha hiyo kwa mwenye kipandauso mara nyingi inarudi safi kabisa, naye anarudi nyumbani na deni na kichwa kile kile, na jirani wanasema si unaona, hana kitu. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kipandauso. Hakuna mashine. Kipimo ni maelezo yako.

Niwape kisa. Karl Lashley alikuwa mtaalamu wa ubongo huko Marekani, naye mwenyewe alikuwa akiona vioo kama vya binti yetu. Kila vilipomjia alichukua karatasi, akachora mahali vilipo, akasubiri, akachora tena. Mwaka 1941 akaandika kwamba, kwa jinsi vinavyosogea machoni, lazima kuna kitu kinatambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa kama milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye, 1944, Mbrazili mmoja, Aristides Leão, akichunguza ubongo wa sungura kwa ajili ya utafiti wa kifafa, akaliona wimbi la namna hiyo hiyo likitambaa kwa mwendo wa taratibu vile vile. Yaani mgonjwa mwenye karatasi na saa alitangulia. Nawapa kisa hiki kwa sababu binti aliponieleza vioo vyake, alikuwa akifanya kazi ile ile.

Kinachotokea ndani, kwa ufupi: ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu, lakini ngozi nyembamba zinazouzunguka na mishipa yake ya damu zinazo. Neva kubwa inayoleta hisia za uso, jicho na ngozi hizo huamka, ikamwaga kemikali, na kila pigo la moyo likageuka nyundo. Watu wengine wamezaliwa na ubongo unaoamka hivyo kwa urahisi. Ndiyo maana nikimwuliza binti, huwa namwuliza na mama. Kabla ya kubalehe wavulana na wasichana hawapishani sana. Baada ya kubalehe wasichana wanawapita mbali, kwa sababu ya homoni, na wengi kinawashika karibu na siku zao. Mama yangu mzazi alikuwa nacho. Tuliambiwa "mama amepandwa uso", tukajua hakuna kupiga kelele. Alikuwa analala chini, sakafu ya saruji ikimpoza, kanga ameifunga kichwani kwa nguvu mpaka ikaacha alama, na ndoo pembeni. Jioni anaamka anapika. Sikumbuki hata siku moja aliyopelekwa hospitali kwa hilo. Kanga ile ilimpa nafuu kidogo, siibezi. Lakini dawa zilikuwepo na hakuna aliyemwambia.

Kabla ya dawa, nataka kuwatisha kidogo, kwa makusudi. Kuna vichwa ambavyo si kipandauso wala si vya kawaida, na hivyo havisubiri kesho. Kichwa kinacholipuka ghafla, ndani ya dakika kimefika kileleni, mtu akasema sijawahi kuumwa hivi tangu nizaliwe. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa. Hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kichwa chenye homa na mtu anaropoka au anapata degedege. Kichwa na mkono au mguu kuishiwa nguvu, au mdomo kwenda upande. Kichwa baada ya kuanguka na bodaboda. Kichwa kikali kwa mama mjamzito, hasa kama miguu na uso vimevimba au macho yanaona ukungu; hicho ni cha kifafa cha mimba mpaka presha ipimwe, na kinaua. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50 ambaye hakuwa na historia hiyo. Kichwa cha mwenye virusi vya UKIMWI kinachozidi siku hadi siku. Kichwa kinachomwamsha mtu alfajiri akitapika, wiki baada ya wiki. Hao wote wapelekeni siku hiyo hiyo, na hapo picha ya CT ina kazi yake.

Haya, dawa. Shambulio linatibiwa mapema, na hili ndilo kosa kubwa ninaloliona. Mtu anavumilia mpaka kimekolea, ndipo anameza. Kipandauso kikikolea tumbo nalo linalala, kidonge kinakaa pale hakisafiri. Mezeni mwanzoni, na kwa kipimo kamili. Mtu mzima akimeza parasetamo moja ya miligramu 500 anakuwa ameonja tu. Dozi ni mbili, na kwa siku nzima zisizidi nane. Ibuprofen ya miligramu 400 huwafaa wengi zaidi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu na mjamzito wasiiguse bila kuongea na mtaalamu. Asipirini ni nzuri kwa mtu mzima. Kwa mtoto chini ya miaka 16 hapana. Watoto wote dozi ni kwa uzito, tuulizeni. Anayetapika tunampa na dawa ya kuzuia kutapika, ambayo pia inaamsha tumbo. Zikishindikana hizo, kuna kundi la dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe, kama sumatriptani. Hiyo mtapata kwa daktari, na si ya mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi.

Kama kinakuja mara nne au zaidi kwa mwezi, au kikija kinakuangusha kabisa, tunaweka dawa ya kila siku ya kukizuia kisije. Na hapa ndipo ninapowapoteza wagonjwa wangu. Namwandikia mtu propranolol, anafika duka la dawa, anaambiwa "hii ni ya presha". Anaitupa, kwa sababu yeye presha hana. Namwandikia mwingine amitriptilini ndogo ya usiku, shemeji yake anamwambia hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili. Anaitupa. Jamani, dawa moja inaweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Propranolol inazuia kipandauso, na hilo linajulikana miaka mingi. Asiyepaswa kuimeza ni mwenye pumu, na lazima mseme kama mna pumu. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku mbili. Zipeni miezi miwili, mitatu, ndipo tuhukumu.

Akina mama, neno la pembeni lakini zito. Mwenye kipandauso chenye vioo au ganzi hatakiwi kutumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Mkienda kliniki ya uzazi wa mpango tajeni hilo hata kama hawajauliza. Kijiti na kitanzi vipo.

Na kuna ugonjwa unaotengenezwa na dawa zenyewe. Mama ntilie mmoja alifungua pindo la kanga mbele yangu, ndani kulikuwa na vidonge kumi na viwili, vimefungwa kama sarafu. Asubuhi viwili kabla ya kuwasha jiko, mchana viwili, kila siku, mwaka mzima. Kichwa kilikuwa hakitoki. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, au zile zilizochanganywa na kafeini siku 10 au zaidi, dawa hiyo inakuwa ndiyo inayoleta kichwa. Tulizisimamisha. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya na nilimwonya zitakuwa mbaya. Alikuja akiwa amekasirika. Wiki ya nne alikuja na chapati.

Ramadhani inakaribia kila mwaka nasi tunaumwa kila mwaka, kwa hiyo niseme. Njaa, kukosa maji, kukatwa usingizi na kuacha kahawa ghafla, vyote vinne vinakiita kipandauso. Mfungaji mwenye ugonjwa huu aje kwetu mwezi mmoja kabla, tupange dawa ya daku na ya kufuturu. Kahawa ianze kupunguzwa kuanzia Shaabani, kikombe kwa kikombe. Na daku asiikose.

Kuna wazazi wanaompeleka mtoto kuchanjwa chale kwenye panja, au wanaambiwa ana jini. Sina ugomvi na dua, mimi mwenyewe naomba. Ninachoomba ni wembe usitumike, na mtoto asiambiwe ana kitu kibaya ndani yake. Anayeona vioo tayari ana hofu ya kutosha.

Mkuu wa Shule, nimalizie na ombi nililokuja nalo. Kile chumba cha nyuma ya stoo ya vitabu kina dirisha moja. Tukiweka godoro, pazia zito na ndoo, na matroni akakaa na vidonge vya mtoto kwa barua ya mzazi, mtoto akiona dalili anameza pale pale badala ya kutembea kilomita tatu juani kurudi nyumbani. Walimu, akiomba kunywa maji katikati ya kipindi mruhusuni.

Wazazi, nunueni daftari dogo. Chora mistari. Tarehe, saa kilipoanza, upande gani, ametapika au la, kilitanguliwa na nini, alikula saa ngapi, amelala saa ngapi, amemeza nini na saa ngapi, kimeisha saa ngapi. Binti aweke alama siku zake. Miezi miwili inatosha. Mkija na daftari hilo, hata kama foleni imefika nje, hata kama ni mimi na nimechoka, sitaweza kuandika maneno mawili tu.

Yule binti analo lake, na ameniruhusu niwasomee mstari wa mwisho aliouandika wiki iliyopita: "Jumanne. Saa 3 na robo vioo. Nimemeza hapo hapo, nimelala ofisi ya matroni. Saa 5 na nusu nimerudi, kipindi cha Hesabu."

Nitakuwa chini ya mwembe ule mpaka saa nane. Waliokuja na madaftari yao ya hospitali, njooni tuyafungue.